Luhende, Nimeupiga Mluzi Wako

Luhende, ndugu yangu,

Mwadila. Nakusalimia kwa salamu ya mchana kwa kuwa ni mchana kweli, jua limesimama juu ya ghala la pamba na watu karibu wote wako shamba la kijiji. Mimi nimebaki nyumbani, mguu umevimba tena. Nimekaa mlangoni kwenye kigoda, karatasi juu ya goti. Mwandiko wangu unaujua, ni ule ule wa darasa la nne la misheni, herufi zinakwenda huku na huku kama mbuzi waliofunguliwa. Utanivumilia.

Katekista wetu anasema wafu hatuwaandikii, tunawaombea. Nimekuombea. Nimekuombea asubuhi na jioni mpaka nadhani Mungu akiona midomo yangu inafunguka anajua tayari ni jina lako linakuja. Lakini leo nataka kusema na wewe mwenyewe, kwa sababu hapa Zagayu sina mtu mwingine wa kumwambia haya.

Hilo ndilo lililonishinda tangu nirudi. Vita niliiweza, kwa neema ya Bwana. Njaa na matope ya Uganda niliviweza. Kilichonishinda ni kurudi nyumbani na kifo chako nikiwa nacho peke yangu, kwa sababu mkeo Minza alikikataa.

Nikueleze ilivyokuwa. Siku tuliyoshuka stesheni ya Malampaka watu walikuwa wengi, ngoma zinapigwa, akina mama wanapiga vigelegele, katibu wa kijiji anahutubia juu ya debe. Vijana wakanibeba mabegani, mimi mzee mzima! Minza alikuwa amesimama pembeni na kikapu chake. Hakuwa ananiangalia mimi. Alikuwa anaangalia nyuma yangu, mlango wa behewa, aone nani mwingine anashuka. Nikawaambia vijana wanishushe, nikamwendea, nikamshika mikono yote miwili na kumwambia palepale. Sikumzungusha. Nilisema, "Shemeji, Luhende amefariki msituni, nilikuwa naye, na nilimzika kwa mikono yangu hii."

Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akauliza, "Mlimzika na nani?"

Nikasema, mimi na mtani wetu mmoja, Sajenti Kondo.

"Na nani wa damu yake?"

Nikatikisa kichwa.

"Basi hajazikwa," akasema. "Rafiki na mtani hawaziki mtu peke yao. Kama hajazikwa, hajafa." Akajitwisha kikapu, akashika njia.

Nilidhani ni uchungu wa siku ile, utapita. Haukupita. Kila jioni alitoa kigoda chako nje na kukutengea ugali. Kaka yako Gamaya alipokuja kuzungumzia matanga, Minza alimkaribisha vizuri, akampa maziwa, akamjibu kwamba nywele zake hazinyolewi kwa habari ya kusikia. Bahati mbaya kuna yule mtu wa Migato. Serikali ilileta taarifa kwao kwamba amekufa, wakalia, wakanyoa, halafu akatokea mwenyewe na mkongojo, ametokea hospitali, anauliza mbona mmeuza baiskeli yangu. Basi Minza akikutana nami njiani ananiambia, "Hata wa Migato walisema kafa." Nami namwambia, shemeji, huyo wa Migato hakuna aliyemzika, huyu wetu nimemzika. Anatikisa kichwa kwa upole, kama mtu anayemhurumia mgonjwa.

Na kilio cha mume, unajua mwenyewe, anakianzisha mke. Asipoanza yeye, nani atathubutu? Majirani walinyamaza. Gamaya alinyamaza. Mimi nilikuwa nakwenda huko nyuma ya majabali nalia peke yangu kama mtu mwenye aibu, halafu nanawa uso kwenye kidimbwi na kurudi. Hata kigangoni sikuweza kutaja jina lako kwa sauti katika sala za marehemu, maana Minza anaweza kusikia, na ingekuwa kama namsukumia mume wake shimoni. Umewahi kuona jambo kama hilo? Mtu amekufa na rafiki yake haruhusiwi kulia.

Mambo mengine ya hapa ni hivi. Sukari imekuwa habari ya kusimuliwa. Sabuni tunapanga foleni duka la kijiji toka alfajiri, ikifika imeshakwisha. Tunafulia majani. Wanaambiana tufunge mikanda, na wengine hata mkanda hawana. Mama yangu mdogo anakusalimu, hajui vizuri kama upo au haupo, umri umemchukua. Mwanao Kabula ametoa jino la mbele, anacheka nalo lile pengo bila aibu, wewe mtupu.

Watu wengi wananiomba niwasimulie vita. Wananikalisha, wananipa togwa, wanasema, "Haya, tuambie kifaru kikoje." Nawaambia ni kikubwa, kina minyororo, kinanguruma. Wanaridhika. Sijawaambia zaidi. Ningewaambiaje kwamba mle msituni kifaru ni kitu cha kuhurumiwa? Wao wanajua mtu anajificha nyuma ya kifaru. Hawajui kwamba kwenye miti ni kinyume, kifaru ndicho kinachojificha nyuma ya mtu.

Unakumbuka siku walipotukabidhi kile cha Kondo? Sisi mgambo wa huku, mavi ya ng'ombe bado yako kwenye visigino, tumepewa kazi ya kutembea nacho. Kule penye nyasi kilikuwa kinakimbia mbele, sisi tunahema nyuma kwenye vumbi lake. Tulipoingia kwenye msitu ule, kikawa kama maksai kipofu. Dereva anaona kwa kitundu tu. Mzinga ukizungushwa unagonga mti. Majani yamefunga huku na huku, mtu mwenye bazuka anaweza kukaa nyuma ya shina akingoja tumbo la kifaru lipite mbele yake. Kwa hiyo sisi pande zote na wewe mbele, tukiangalia kila kichaka. Tukikaa mbali nacho, tunapotezana. Tukikaa karibu sana, kinatuangushia miti.

Na kelele zake! Kiongozi wetu alitufundisha ishara za mikono, nani anaiona mikono kwenye majani yale? Ukipiga kelele haisikiki. Ndipo wewe ulipoweka vidole mdomoni. Miluzi miwili mifupi, simama. Mmoja wa kupanda, pinda kushoto. Wa kushuka, kulia. Kondo akiwa ametoa kichwa juu kwenye kifuniko aliusikia juu ya injini yote ile, akacheka mpaka akajishika mbavu. "Ebo! Wachunga ng'ombe, leo mmepata wa chuma! Mkamueni basi, tunywe maziwa!"

Nawe ukamjibu bila kugeuka, "Mtani, huyu wenu hana kiwele, ana tumbo tu kama la mjomba wako."

"Mjomba wangu ana tumbo la samaki na nazi, wewe babu yako alikufa na kiu anachunga!"

Sijui mlipata wapi nguvu za kutukanana vile. Sisi wengine tulikuwa tumekauka kwa hofu, na ninyi mnarushiana wajomba na mababu. Lakini nilitambua baadaye kwamba tulikuwa tunatembea vizuri zaidi mkitukanana.

Halafu ile siku ya nyuki. Kifaru kikaegemea mti mkubwa, mti ukaja chini na mzinga wa nyuki mzima. Kondo akafunga kifuniko chake chap, tukamsikia anacheka humo ndani, "Wasukuma, salimianeni na wenyeji!" Sisi tumelala kifudifudi, koti limefunika kichwa. Mara kicheko kikageuka. Nyuki wameingia kwa dereva! Kifuniko kikafunguka, Sajenti akatoka kama mahindi kwenye kikaango. Wewe ndiye uliyewasha kitambaa chenye mafuta ukawatoa kwa moshi, polepole, unawaongelesha kama unavyoongelesha ndama. Uso wa Kondo ulivimba mpaka macho yakapotea. Ukamwambia, "Sasa mtani umekuwa mzuri, tutakuoza Bariadi."

Ulikuwa unaniita Padri. Unaniambia, "Padri, wewe sali, mimi naangalia miti." Niliudhika mara ya kwanza. Baadaye nikaona ni mgawanyo wa kazi.

Mluzi wa kukiita kije mbele ulichelewa kuutoa. Nakumbuka. Ulikuwa na wa kusimama, wa kushoto, wa kulia, lakini wa kuja ulikuwa unapunga kofia. Mpaka siku ile ya tope, kifaru kimesita, dereva anaogopa kuvuka, kofia haionekani. Ukasimama ng'ambo, ukaangalia chini kidogo, ukaupiga. Ule wa kwenu. Mrefu, unashuka, unapinda katikati, halafu mwisho unavutwa, unavutwa, kama mtu anayefungua lango la zizi taratibu. Mimi nimeusikia tangu utoto, jioni, toka kaya yenu. Mwili ulinisisimka. Na kifaru kikaja, Luhende! Kikaja moja kwa moja, matope yanaruka, mpaka mbele ya magoti yako.

Tulipopumzika nikakuuliza kwa nini ulichelewa. Ukasema mluzi wa kuitia ng'ombe wa kwenu haukai kwenye midomo miwili, ni wa mtu mmoja mpaka afe. Baba yako akiwa hai hukuthubutu hata kuujaribu porini peke yako. Alipokufa ng'ombe walikaa wamesimama nje ya lango hawataki kuingia, mpaka mjomba wako akakusukuma mgongoni akasema, haya, sasa ni wako. Ukaniambia, "Nimeona haya kukipa chuma cha serikali. Lakini sina neno lingine la kuita kitu kizito."

Tangu hapo nikawa nausikia kutwa. Kila kinapositasita, unakiita. Uliniingia masikioni, ukakaa humo.

Sasa ile siku. Nisamehe, hapa nitakwenda polepole.

Mvua ilikuwa imenyesha, miti inadondosha maji. Wewe mbele. Mimi upande wa kushoto karibu na minyororo, naona mgongo wako tu na lile koti lililopasuka begani. Njia ilikuwa inabanwa na miti miwili minene. Ulikuwa umekwisha kukiita, kinakuja. Ghafla ukasimama. Uliona kitu. Mimi sikuona, ila niliona mabega yako yamebadilika.

Ungeweza kulala chini ukanyamaza. Nimelifikiria hili mara nyingi, ndugu yangu, nikiwa nalima, nikiwa kwenye Misa. Ungelala, wangepitisha macho juu yako, wangengoja chuma. Ukapiga miwili mifupi. Simama. Kikasimama. Bazuka likapita pale ambapo kingekuwa, likapasua mti ule wa kulia kama kuni. Na risasi nyingine hazikwenda kwenye kifaru. Zilifuata mluzi.

Kondo akajibu na bunduki ya juu, majani yakanyesha. Ilipotulia nikaja kwako kwa kutambaa. Ulikuwa umekaa, umeegemea shina, kama mtu anayengoja mifugo inywe maji. Ukaniuliza, "Kimesimama?"

Nikasema, "Kimesimama."

Ukasema, "Wabeja." Kama ulimshukuru Mungu, kama ulinishukuru mimi, au kama ulikishukuru kile kifaru, sijui. Ulikuwa unawaambia hivyo hata maksai wako ukiwafungua nira. Hukusema kingine.

Sajenti akawa anaita, "Mwenye mluzi yuko wapi? Tutoke hapa!" Akaja mwenyewe, akaona. Tulikubeba mimi na yeye, tukakulaza juu, nyuma ya mzinga, tukakufunga kwa kamba usidondoke. Ilibidi mtu atembee mbele. Nikaenda mimi. Nikaweka vidole mdomoni, hakuna kilichotoka, mdomo ulikuwa umekauka kama jivu. Nikakiongoza kwa kupunga mikono, nikitembea kinyumenyume mbele yake, nikikuona wewe juu unatikisika. Hivyo ndivyo ulivyotoka msituni.

Tulikuzika ng'ambo, msitu ulipokwishia, mahali pakavu. Nilikugeuzia uso huku kusini, nyumbani. Shimo lilipokwisha, Kondo akaruka ndani, akalala chali. Nilidhani amerukwa na akili. Akapaza sauti, "Sitoki! Wasukuma, leteni dume la ng'ombe, la sivyo mtani wangu simpishi!" Machozi yanamtoka yanachora vumbi usoni, na yeye anadai ng'ombe. Nikaelewa anafanya kazi ya mtani. Sikuwa na kitu. Nikampa kikopo changu cha ugoro, chote. Akakinusa, akasema, "Wachoyo ninyi," akatoka. Yeye akakusomea Fatiha, mimi nikasema Baba Yetu na raha ya milele. Hukuwa wa kwake wala wangu, hukubatizwa mahali popote. Maneno ya kwenu mimi sikuyajua. Nilimwambia Mungu, Bwana, huyu ni mtu wa mifugo, wewe unajua wanavyopokelewa.

Haya yote nimekaa nayo, peke yangu, tangu Malampaka.

Sasa nikuambie nilichofanya. Mvua za kwanza zimekuja, zimekuja vizuri. Watu wanalima. Shamba la Minza lilikuwa limekaa bila kuguswa kwa sababu ya yule maksai wako mweusi mwenye paji jeupe. Tangu ulipoondoka hakubali. Ukimfunga nira anatembea hatua chache kisha analala. Anakwenda zake kwenye ngitili, kwenye yale majani mliyoyatunza kwa ajili ya kiangazi, anasimama kule anaangalia miti. Bila yeye yule mwenzake hajui aende wapi.

Nikaenda asubuhi na plau yangu. Gamaya alikuwepo. Tukawafunga. Yule mweusi akaingia kwenye mfereji wa kwanza, akatembea, akalala. Akalala kabisa, shingo ya mwenzake imevutwa na nira, anakoroma. Gamaya akampiga fimbo. Akavunja fimbo, akakata nyingine. Halafu akaanza kukusanya nyasi kavu, anasema, "Nitamwashia moto chini ya mkia, aone." Nikamwambia, ndugu yangu, acha. Akasema, "Basi mwamshe wewe, uliyerudi na nishani."

Sikufikiri, Luhende. Nakuapia kwa msalaba wa Bwana sikufikiri. Vidole vilikuja mdomoni vyenyewe. Msituni pale mluzi uligoma, lakini hapa, kwenye shamba lako, ukatoka mzima. Mrefu, ukashuka, ukapinda, ukavutika mwisho.

Yule mweusi akainua masikio. Akainuka, kwanza magoti, matope yanamdondoka tumboni. Akasimama na kuelekeza uso mbele, tayari. Gamaya alidondosha zile nyasi.

Na nyuma ya ua wa minyaa nikasikia sufuria limeanguka.

Minza alitoka anakimbia, unga mpaka kwenye viwiko, kanga imefunguka hajali, anaita, "Luhende! Luhende!" Alimpita Gamaya. Alinipita mimi, bega lake likanigusa. Akasimama mwisho wa shamba anaangalia njia inayotoka kwenye ngitili, anaangalia, mkono juu ya macho. Hakukuwa na mtu. Upepo tu kwenye majani.

Akageuka polepole. Vidole vyangu vilikuwa bado viko karibu na mdomo, vimelowa.

"Ni wewe?" akauliza.

"Ni mimi, shemeji."

"Nani alikupa?"

"Hajanipa mtu. Nilimsikia akiupiga."

Akamwangalia yule maksai. "Na huyu ameamka?"

"Ameamka."

Nikaona usoni kwake kitu kinaanguka. Aliijua sheria ya kwenu kuliko mimi. Alikuwa ameolewa kwenye kaya hiyo, alijua huo mluzi haukai midomo miwili mwenyewe akiwa hai. Miezi yote nilimpa maneno, nikamwapia, nikamwonyesha mikono yangu iliyochimba. Hakuniamini. Lakini sasa amesimama pale, kwenye matope, anausikia kwenye mdomo mwingine na ng'ombe ameukubali.

Akakaa chini palepale kwenye mfereji. Akaangua kilio. Si kilio cha mtu mwenye kumbukumbu, hapana. Kilio cha msiba wa sasa hivi, kile cha juu, kinachovuka mashamba. Watu wakaacha majembe. Wakaja mbio kutoka kila upande, balozi wa nyumba kumi mbele, anahema, "Nani kafa? Nani kafa jamani?"

Gamaya akanyoosha mkono kwa Minza. Minza akasema, "Mume wangu amekufa."

Bibi mmoja akaanza, "Lakini mayu, si tuliambiwa tangu..." Mwenzake akamkanyaga mguu. Wakaweka majembe chini. Wakakaa pale pale kwenye udongo uliolowa, wanawake kumzunguka, wanaume pembeni, kama vile habari imefika sasa hivi kwa mguu kutoka Uganda. Na mimi nikalia. Mdomo wazi, kamasi zinatoka, mbele za watu, na hakuna aliyenishangaa. Gamaya alinishika shingo tukalia wote wawili. Yule maksai wako alisimama na nira yake muda wote ule, hakulala.

Matanga yamefanyika. Ndugu zako wamekuja, hata wa Migato, na yule mwenye mkongojo naye alikuja, akakaa nyuma kabisa kwa haya. Wazee wakafanya yanayofanywa kwa mtu aliyefia mbali. Mimi nilikaa kando na rozari yangu, kila mtu na lake. Kisha wakaniita katikati, wakasema, aliyemwona aseme. Nikasema yote niliyoyaandika hapa. Nilipofika kwa Kondo kulala kaburini akidai dume, watu wakacheka huku wanalia, na Gamaya akasema ng'ombe wa Kondo yupo, akija Zagayu atapewa. Minza alicheka kidogo. Kichwa chake kilikuwa kimenyolewa, kidogo kama cha msichana.

Halafu likaja suala la mluzi. Gamaya alidhani utakwenda kwake. Alikuwa ameshaanza kulainisha midomo, maskini. Minza akasema, "Ng'ombe wale nitawalisha mimi na wanangu. Nifundisheni mimi."

Gamaya akashtuka. "Mwanamke hapigi mluzi! Utaita nyoka nyumbani!"

"Waje. Wakija watalima?"

Wazee wakatazamana. Mmoja akakohoa. Gamaya akanigeukia mimi, ananitaka niseme neno, mimi mtu wa Kanisa. Nikasema, "Ni kaya yake." Basi. Gamaya hajanisalimu vizuri tangu siku ile, lakini atarudi, moyo wake si mbaya.

Nimemfundisha kule kwenye ngitili, mbali na macho ya watu. Siku za kwanza ilikuwa mate na upepo. Anajifunika mdomo anacheka, anasema, "Luhende angeniona!" Nami nacheka. Halafu tunaanza tena. Siku hadi siku ukaanza kupata sauti, ila mwisho alikuwa anaukata mfupi. Yule mweusi alikuwa anageuza sikio moja tu, anaendelea kutafuna. Nilimwambia, shemeji, mwisho uvute, usiogope kuishiwa pumzi.

Nikuambie kitu, wewe peke yako. Kila alipoupata vizuri zaidi, mimi nilibaki na kidogo zaidi. Nilikuwa nakwenda nyuma ya majabali, si kulia tena, kuupiga tu, taratibu, niusikie. Nilipofumba macho mgongo wako ulikuwa mbele yangu kwenye majani, na koti lile. Nilijua lazima uishe. Ukiwa wake hauwezi kuwa wangu, na wala haukuwa wangu hata siku moja, niliuokota tu.

Luhende, ngoja.

Nilikuwa nimeacha kuandika kidogo. Minza hakwenda shamba la kijiji leo, ameruhusiwa amalize kulima lake. Sasa hivi, nikiwa hapa na karatasi, umesikika. Umetoka upande wa kwenu, umepita juu ya minyaa, mrefu, ukashuka, ukapinda. Nikashika pumzi. Akauvuta mwisho, akauvuta, mpaka ukafika. Kisha nikasikia mnyororo wa plau unakazika.

Basi nimeusikia, ndugu yangu. Kuanzia saa hii sitaupiga tena, wala shambani, wala nyuma ya majabali, wala kwa kunong'ona. Hiyo ndiyo ahadi yangu kwako, naitoa mbele ya Mungu, nawe unajua inanigharimu nini. Plau yangu itakwenda kwa Minza kila atakaponiita. Jina lako nitalitaja Jumapili kwa sauti katika sala za marehemu, na yeye atakuwepo atalisikia. Zaidi ya hapo sina la kukupa.

Kaa salama huko ulikolala. Huku ng'ombe wanaitwa, wanakwenda.

Mimi Masunga, uliyeniita Padri.